Rimu mbili za shimo moja: moja nikainyoosha, nyingine nikaiacha

Jioni moja ya mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, nilikuwa nikirudi nyumbani Bamburi kutoka kisiwani ninakofundisha, na nilipofika maeneo ya Bombolulu gari langu likatumbukia katika shimo lililokuwa limejaa maji. Anayeendesha gari Mombasa majira hayo anajua kwamba dimbwi lolote lililo ukingoni mwa lami huenda likawa shimo, lakini upande wangu wa kulia palikuwa na lori la kontena na sikuwa na pa kulikwepea. Gurudumu la mbele la kushoto liligonga kwanza, kwa kishindo nilichokisikia mpaka kwenye meno, na la nyuma likafuata papo hapo katika shimo lile lile.

Magurudumu hayo mawili yaligonga ukingo mmoja, kwa mwendo mmoja, lakini yaliishia kwa maamuzi mawili tofauti: rimu moja, yaani duara la metali linalovalishwa tairi, niliinyoosha na bado ninaitumia, na nyingine niliiondoa barabarani kabisa. Sababu za tofauti hiyo ndizo ningependa kila mwenye gari azijue kabla hajatoa pesa zake.

Gari ni Toyota Vitz, lenye rimu za aloi, yaani alumini iliyochanganywa, za inchi 15 na matairi ya 185/60R15. Usiku ule niliposhuka niliyatazama magurudumu kwa mwanga wa simu, nikaona mikwaruzo miwili mitatu tu kwenye mdomo wa nje wa rimu, yaani ukingo wake, nikamshukuru Mungu, nikaingia ndani. Asubuhi tairi la mbele lilikuwa limelala. Nikalijaza upepo kwa pampu, nikaondoka polepole, na njia nzima usukani ukawa unatetemeka mikononi mwangu kama kitu kilicho hai.

Shuleni kila niliyemweleza alikuwa na jibu lake tayari. Mmoja aliniambia ninunue rimu zote nne mpya, kwa kuwa rimu iliyogongwa haiaminiki tena. Mwingine akasema rimu ya aloi hupashwa moto ikanyooka kama ilivyokuwa, na kwamba yeye amefanya hivyo mara mbili bila shida. Shemeji yangu, niliyempigia simu mchana, alinishauri nitafute fundi wa kuchomelea. Wote walinitakia mema, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza rimu imeumia wapi na imeumia vipi, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo fundi mwenye ujuzi huliuliza.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, kijana mwenye banda kando ya barabara, alilitazama gurudumu likiwa bado limefungwa garini na kusema, "Mama, hii nikiipiga moto kidogo inarudi, dakika ishirini tu." Mtungi wa gesi ulikuwa tayari pembeni. Sikuwa na ujuzi wa kumpinga, ila niliona kwamba alikuwa ametaja dawa kabla ya kumtazama mgonjwa, nikamshukuru nikaondoka.

Wa pili alikuwa mzee mwenye karakana ndogo huko Kisauni, ambaye kazi yake ni matairi na rimu tu. Huyu hakukubali kusema neno lolote kabla matairi hayajavuliwa. Alizilaza rimu zote mbili juu ya gunia, sehemu ya ndani ikielekea juu, akaziosha kwa maji ya sabuni na brashi mpaka tope na vumbi jeusi la breki likaisha, akazikausha kwa kitambaa. Kisha akaniita. "Mwalimu, hili hulioni ukiwa umesimama. Chutama."

Nikachutama, nikaona. Mdomo wa ndani wa rimu ya mbele, ule usioonekana gari likiwa limesimama, ulikuwa umebonyea kwa urefu wa kama kiganja changu. Rimu ya nyuma nayo ilikuwa na mbonyeo mahali hapo hapo, ingawa mdogo zaidi. Mzee akanieleza kwa nini: spoki, ile mikono inayotoka katikati ya gurudumu, zimeungana na rimu upande wa nje, kwa hiyo mdomo wa nje una kitu cha kuuegemeza, ilhali mdomo wa ndani uko mbali na spoki na haushikiliwi na chochote. Shimo likipiga, tairi hubanwa mpaka likafika kwenye rimu, na mdomo wa ndani ndio wa kwanza kusalimu amri. Ndiyo maana mtu anaweza kulitazama gari lake kutoka nje, akaona rimu zinang'aa, naye anaendesha juu ya rimu iliyopinda. Tangu siku hiyo silikagui gurudumu kwa kusimama.

Mbonyeo peke yake haumalizi mjadala. Kilichomaliza mjadala kwa rimu ya mbele ni jambo alilolifanya baadaye, nami nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu ni jambo ambalo kila fundi angeweza kulifanya kwa gharama ndogo sana na wengi hawalifanyi. Alichovya kitambaa katika mafuta ya taa, akaipaka sehemu yote iliyobonyea, ndani na nje, akaacha dakika kama kumi. Halafu akaifuta mpaka ikawa kavu kabisa ukiigusa. Akaniuliza kama nina chaki. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, kama kawaida. Akaisaga kwa kisigino cha bisibisi, akaupaka ule unga kwenye alumini mpaka sehemu yote ikawa nyeupe, akaniambia tusubiri. Baada ya muda, katikati ya weupe ule ukajitokeza mstari mwembamba wa unyevu, uliopinda kidogo, ukianzia ukingoni mwa mdomo na kuingia ndani karibu urefu wa kidole gumba. Mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yakipanda na kuilowesha chaki. Kwa macho matupu, hata baada ya kuoshwa, sikuwa nimeuona ufa huo, na hapo ndipo upepo ulipokuwa ukitokea usiku kucha.

Njia hii si uvumbuzi wa mzee wangu, kwani karakana za reli zilikuwa zikiitumia zamani kutafuta nyufa katika vyuma vya treni, kwa mafuta na chokaa. Siku hizi viwandani hutumia rangi maalumu inayopenya na unga wake, lakini kanuni ni ile ile: kioevu chepesi hupenya mahali ambapo jicho halifiki, kisha unga hukivuta nje.

Rimu ya nyuma ilipofanyiwa hivyo hivyo, chaki ilibaki nyeupe. Mzee alirudia mara ya pili, akipaka hadi kwenye mizizi ya spoki na kuzunguka matundu ya nati, na bado ikabaki nyeupe. Akaifunga kwenye mashine ya balansi, ya kusawazisha magurudumu, akasimamisha msumari karibu na mdomo wa ndani bila kuugusa, akaizungusha taratibu kwa mkono. Palipobonyea, pengo kati ya msumari na rimu lilipanuka kiasi cha sarafu ya shilingi 10 kupita, kisha likarudi. Sehemu nyingine zote za duara hazikucheza. Mbonyeo ulikuwa mmoja, mfupi, kwenye mdomo, mbali na spoki.

Nilimuuliza kwa nini ule ufa usichomelewe, kwani ulikuwa mdogo na bei ya kuchomelea ni nafuu. Jibu lake lilikuwa fupi, "Huo si wa kuchomelea," lakini nilipofika nyumbani nilijisomea zaidi, na ninaona ni haki nilieleze jambo hili vizuri, maana ndilo linalozua ubishi mwingi.

Rimu nyingi za aloi humwagwa katika kalibu zikiwa alumini iliyochanganywa na takriban asilimia 7 ya silikoni na magnesi kidogo sana. Zikishatoka kwenye kalibu bado si imara vya kutosha. Hupashwa moto hadi kama nyuzi 540 za Selsiasi, zikazamishwa kwenye maji, kisha zikaachwa kwa saa kadhaa katika joto la kiasi cha nyuzi 155 ili chembe ndogo mno ziumbike ndani ya metali na kuikaza. Uimara wa rimu unatokana na mpangilio huo. Anayechomelea huyeyusha sehemu ya ufa, na metali iliyo kando ya weldi hupata joto la kuuvuruga mpangilio, kwa hiyo ufa huonekana umezibwa na pembeni yake pamebaki pamelainika. Kuirudisha hali ya mwanzo kungehitaji kuipika rimu nzima upya katika tanuri linalodhibitiwa, kazi isiyofanyika kando ya barabara.

Na moto wa gesi wa yule kijana una hatari nyingine ambayo sikuijua. Chuma kikipashwa moto hubadilika rangi, kikawa chekundu, na fundi akajua amefika wapi. Alumini haitoi ishara hiyo. Aloi hii huanza kuyeyuka kabla hata ya kufika nyuzi 600, na hadi wakati huo inaonekana ni ile ile ya kijivu. Fundi asiye na kipimajoto hawezi kujua kama ameipa rimu joto la kuisaidia ipinde bila kupasuka, au ameipa joto la kuiharibu moja kwa moja. Simlaumu kijana yule, kwani anafanya kama alivyofundishwa, lakini gurudumu linalobeba watoto wangu silipeleki kwenye moto wa kubahatisha.

Zipo kampuni ambazo haziruhusu hata kunyoosha. General Motors ya Marekani, kwa mfano, imetoa msimamo kwamba haiungi mkono ukarabati wowote wa rimu za aloi unaohusu kuchomelea, kupinda, kunyoosha au kukereza, na kinachokubalika ni kurekebisha rangi na sura yake ya nje tu. Niliufikiria msimamo huo kwa siku mbili nzima, kwa sababu sikutaka kuifuata sehemu inayonipendeza na kuiacha isiyonipendeza. Mwishowe niliona hivi: kampuni inayouza mamilioni ya magari haiwezi kumwona kila fundi wala kila mbonyeo, kwa hiyo inakataza yote. Mimi nilikuwa na mbonyeo mmoja mdogo, kwenye mdomo, usio na ufa, mbele ya fundi aliyeupima mbele ya macho yangu na aliye na jeki ya haidroliki ya kuusukuma polepole bila nyundo. Laiti mbonyeo ungekuwa mkubwa kuliko hapo, au ungekuwa karibu na spoki, au pangekuwa na alama ya kwamba rimu hiyo imewahi kunyooshwa, ningekataa. Rimu iliyokwisha kunyooshwa mara moja hainyooshwi tena mahali pale pale.

Kwa hiyo ya nyuma ikanyooshwa. Ilichukua karibu saa nzima, jeki ikisukumwa kidogo kidogo na msumari ukirudishwa kila mara kupima, na ilipomalizika mafuta ya taa na chaki vikarudiwa tena, kwa sababu kunyoosha kwenyewe huweza kuzaa ufa ambao haukuwepo. Nililipa shilingi 2,000. Fundi anayenyoosha bila kukagua baada ya kazi ameifanya nusu ya kazi.

Rimu za chuma za Probox na za matatu zina habari nyingine, nami nitaipitia kwa haraka. Chuma hupinda sana kabla ya kupasuka, kwa hiyo mdomo uliobonyea hugongwa kwa nyundo ukakaa sawa, na ni kawaida. Ila chuma kinachogongwa mahali pamoja mara nyingi hatimaye huchoka na kupasuka, na rimu ambayo matundu yake ya nati yamepanuka au iliyofanya ufa kwenye muungano wa sahani ya kati na duara haina matengenezo. Tena bei ya rimu ya chuma iliyotumika ni ndogo kiasi kwamba haifai kuihatarishia safari.

Ikabaki kutafuta rimu ya kuchukua nafasi ya ile ya mbele. Hapa nusura nifanye kosa kubwa kuliko la shimo. Muuzaji mmoja wa spea alinionyesha rimu nzuri ya Honda Fit, inchi 15, matundu manne, akaniambia inaingia kwenye Vitz bila tatizo. Na kweli inaingia, maana zote mbili zina matundu manne yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100. Lakini tundu la katikati la rimu ya Honda lina upana wa milimita 56.1, na kitovu cha Toyota, kile kinachoingia katika tundu hilo, ni milimita 54.1, kwa hiyo rimu haikai katikati kwa kukumbatia kitovu. Inaning'inia kwenye nati peke yake mpaka itiwe pete ya kujaza pengo. Lenye hatari zaidi ni viti vya nati, yaani mahali nati inapokalia rimu. Nati za Honda zina uso wa mviringo kama mpira, na za Toyota zina uso wa koni au wa bapa. Uzi wao ni mmoja, kwa hiyo nati ya Toyota hujifunga vizuri kabisa kwenye rimu ya Honda, mkono ukahisi imekaza, ilhali uso wake umegusa rimu kwa mstari mwembamba tu. Nati ya namna hiyo hulegea ukiwa njiani. Nimeona watu wengi wakichagua rimu kwa kuhesabu matundu, na ninawaomba waangalie pia tundu la kati na uso wa nati.

Niliipata ya Vitz yenyewe kwa muuzaji mwingine, iliyotoka Japani, kwa shilingi 5,000. Niliigeuza kwanza. Nyuma ya spoki moja palikuwa na herufi JWL, alama ya kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, na pembeni yake alama ya VIA, ambayo huonyesha kwamba muundo wa rimu hiyo ulipimwa na kusajiliwa. Nilichagua iliyokuwa na mikwaruzo na rangi yake ya zamani, nikaiacha jirani yake iliyopakwa rangi mpya inayometa ndani na nje, kwa sababu chini ya pati, ile rojo ya kuzibia mabonde, na rangi mpya hakuna chaki itakayonionyesha kitu. Hata hivyo nilimpelekea mzee, naye akaipaka mafuta ya taa kama zile nyingine.

Tairi la mbele halikupona. Ubavuni mwake palikuwa pametokeza uvimbe wa ukubwa wa nusu ya limau, ishara kwamba nyuzi za ndani zimekatika na kinachozuia upepo ni mpira tu. Tairi la namna hiyo halizibwi na halipewi siku moja zaidi. Nilinunua mawili mapya ili ekseli moja iwe na matairi yanayolingana, nikasoma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, nisije nikauziwa tairi lililokaa dukani miaka sita.

Kuna jambo moja la kwetu pwani ambalo wenzetu wa bara hawalipati sana. Mzee alipokuwa akizitazama rimu zangu mbili za kulia, ambazo hazikugonga chochote, alinionyesha unga mweupe ulioganda mahali tairi linapokalia rimu. Ni kutu ya alumini, inayoletwa na hewa ya chumvi, na ndiyo inayofanya matairi mengi ya Mombasa kuisha upepo polepole bila msumari wala ufa. Watu huenda kuzibwa pancha isiyokuwepo, au hushauriwa kubadilisha rimu nzima. Dawa yake ni kuvua tairi, kusugua mpaka metali safi ionekane, kupaka gundi ya kuzibia na kulirudisha. Kutu ikiwa imechimba mashimo marefu, hilo ni jambo jingine. Yangu ilikuwa ya juu juu. Nyuma ya rimu, palipoegemea kitovu cha chuma, napo palikuwa na ukoko huo huo, na mzee alipasugua kwa brashi ya waya kabla ya kufunga, kwa kuwa ukoko huzuia rimu kukaa bapa na nati hulegea ukimong'onyoka.

Magurudumu yote manne yalifanyiwa balansi, gari likapelekwa kupimwa alainimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, na mikono ya chini inayoyashikilia ikakaguliwa, haikuwa imepinda. Nati zilikazwa kwa spana ya kipimo hadi nyutoni-mita 103, na nilipotimiza kilomita 100 nilirudi zikakaguliwa tena. Usukani umetulia. Rimu iliyonyooshwa iko nyuma kushoto, na kila mwanzo wa mwezi ninachutama na kuutazama mdomo wake wa ndani kwa tochi, kisha ninapima upepo wa tairi hilo na kuuandika kwenye daftari pamoja na wa yale mengine matatu. Likianza kupungua peke yake, nitajua.

Ile yenye ufa mzee alitaka kuiweka kwenye rundo la vyuma vikuukuu nyuma ya karakana. Niliwaza kwamba mnunuzi wa vyuma akiiona nzima ataiuza kwa mtu, nayo itachomelewa, itatiwa pati na rangi, na itaning'inizwa mahali ikisubiri mwenye Vitz mwingine. Nikamwomba aikate mbele yangu. Hakuniuliza kwa nini. Alichukua msumeno, akaanzia penye ufa, akaupitisha hadi kwenye tundu la katikati, nami nikasimama pale mpaka alipomaliza.